Chombo Kinachobebeka ni cha Nani?



Katika kikao cha halmashauri ya parishi yetu baada ya Pasaka, mzee mmoja aliuliza swali fupi lililotunyamazisha sote. Tulikuwa tunapitia orodha ya mali za kanisa: mabenchi, kengele, vyombo vya Meza ya Bwana, pikipiki ya mwinjilisti, na ile kompyuta mpya. Mzee akauliza, "Hiyo kompyuta, leo iko wapi?" Mabenchi tulijua yalipo. Kengele twaisikia kila Jumapili. Lakini kompyuta, iliyonunuliwa kwa fedha za mavuno, kwa kuku na mahindi yaliyonadiwa baada ya ibada, hatukujua kama iko ofisini, au nyumbani kwa katibu, au njiani kati ya hapo na pale.

Tangu siku hiyo tumelifikiri swali la mzee, na tumeona kwamba si swali la orodha tu. Ni swali la dhamiri. Tena haliwahusu wazee wa kanisa peke yao, maana siku hizi nyumba nyingi za Wakristo zimenunua chombo cha namna ile ile. Kwa hiyo twapenda kuwashirikisha mawazo yetu.

KWA NINI TULIINUNUA

Kompyuta yetu ya zamani ilikuwa ya mezani: sanduku lake chini, kioo juu, na nyaya nyingi nyuma ya meza. Ilitutumikia vizuri kwa miaka. Ubaya wake ulikuwa mmoja. Umeme ulipokatika, nayo ilizimika papo hapo, na kazi ambayo haijahifadhiwa ikapotea. Mara mbili katibu aliandika upya majina yote ya watoto wa kipaimara. Mwishowe ikafa kabisa, na fundi akatushauri tusiipotezee fedha tena.

Hapo ndipo tulipoletewa habari za kompyuta mpakato, au laptopu kama wengi wanavyoiita, lakini si ile ndogo ya kutia kwapani. Hii ni ya kioo kikubwa, inchi 17.3, yaani kama sentimita 44 ukipima kutoka pembe hadi pembe. Uzito wake unapita kilo mbili. Imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuiweka mezani mahali pa ile ya zamani, na kuihamisha mara chache tu. Na bei yake ilikuwa ya chini.

Jambo hili la kompyuta ya kubebwa si geni. Mwaka 1981 huko Marekani iliuzwa kompyuta iliyoitwa Osborne 1, ambayo ilisifiwa kuwa ya kubebeka. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, kioo chake kilikuwa cha inchi 5 tu, na bei yake dola 1,795. Wakati ule, hapa kwetu Tanzania, kuingiza kompyuta nchini kulikuwa kumepigwa marufuku na serikali tangu mwaka 1974. Leo marufuku hayo hayapo, na mashine yenye nguvu nyingi kupita ile ya Osborne inaweza kununuliwa na parishi ya kijijini kwa sadaka ya mavuno. Yatupasa kumshukuru Mungu kwa hilo.

Tulikuwa na sababu njema za kuichagua. Ina betri yake yenyewe, hata umeme ukikatika katibu humaliza sentensi yake na kuhifadhi kazi. Haili umeme mwingi. Chaja ya mashine ya namna hii aghalabu ni ya wati 45 au 65, na sisi tunaonunua umeme wa Luku kwa kuhesabu shilingi twajua maana yake. Lakini sababu kubwa ilikuwa kile kioo kipana. Mtunza hazina wetu ni mtu wa umri, na macho yake yamechoka. Kwa kioo kidogo alilazimika kuamini alichosomewa. Kwa kioo hiki husoma mwenyewe. Tena watu watatu wanaweza kuketi mbele yake na kuona hesabu zile zile kwa wakati mmoja. Fedha za Mungu zapaswa kuonwa na macho zaidi ya mawili.

KOSA LETU LA KWANZA

Hata hivyo hatuna budi kukiri kwamba tulinunua kwa pupa. Wahenga walisema: Rahisi huvunja upishi. Mtengenezaji anapopunguza bei ya mashine kubwa, hapunguzi upana wa kioo, kwa kuwa kioo ndicho kinachoonwa na mnunuzi dukani. Hupunguza yale yasiyoonekana. Kioo chetu ni kipana, lakini nukta zake ni 1600 kwa 900 tu, ukikitazama kwa upande rangi hubadilika, na ukikaa karibu na dirisha huoni kitu. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa ndogo. Diski yake ilikuwa ya kuzunguka, ya mwendo wa polepole, hata asubuhi katibu aliweza kuiwasha, akafagia ofisi, akarudi na kuikuta bado haijawa tayari. Bawaba za kifuniko zimeshikwa na plastiki nyembamba.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu asimulia habari za mtu atakaye kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kuhesabu gharama. Sisi tulihesabu bei, hatukuhesabu gharama, na hayo ni mambo mawili. Bei ni fedha unayotoa dukani siku moja. Gharama ni yote utakayotoa mpaka chombo kife. Ilitubidi kumrudia fundi aongeze kumbukumbu na kuweka diski mpya isiyozunguka, na tangu hapo mashine imekuwa nyepesi kazini. Twashukuru kwamba yetu ilikubali kufunguliwa. Nyingine za bei ya chini kumbukumbu yake imeunganishwa moja kwa moja na ubao wa ndani, na huwezi kuiongeza kamwe. Anayetaka kununua na aulize swali hilo kabla ya kuuliza upana wa kioo.

Na afadhali tujipime mioyo pia. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Je, tulipokiona kile kioo, tulifikiri macho ya mtunza hazina tu? Au tulifikiri pia jinsi wageni kutoka dayosisi watakavyokiona mezani petu? Pengine yote mawili. Uwekevu na fahari huweza kuingia duka moja na kutoka na mzigo mmoja.

KOSA KUBWA ZAIDI

Lakini kosa hilo la kwanza fundi aliliponya. Kosa la pili hakuna fundi wa kuliponya.

Kompyuta ya mezani ilikuwa na adabu moja ambayo hatukuitambua mpaka ilipotutoka: ilikaa. Kila mtu alijua ilipo. Mtunza hazina aliifuata ofisini, mwinjilisti aliifuata ofisini, mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama aliifuata ofisini. Haikuhitaji sheria ya kuilinda isiwe ya mtu mmoja, maana uzito wake na nyaya zake ndizo zilizokuwa sheria. Hii mpya ni kubwa, lakini yaweza kufungwa na kuingizwa katika mfuko. Basi ikaanza kwenda nyumbani kwa katibu.

Tusimhukumu katibu. Hakuiba. Ni mtu mwaminifu, halipwi mshahara, na mchana ana shamba lake. Aliichukua ili amalize usiku taarifa ambayo sisi wenyewe tuliitaka kesho yake. Mara ya kwanza aliomba ruhusa. Mara ya pili alitoa taarifa. Mara ya tatu hakuona haja, na sisi hatukuuliza. Hivi ndivyo mali ya wote inavyohama aghalabu: hakuna aliyevunja mlango.

Sasa, vitabu vyetu vya ubatizo vya miaka ya nyuma vilikuwa vimeanza kuliwa na mchwa, nasi tumevinakili ndani ya kompyuta hiyo, na vyeti huchapwa kutoka humo. Siku moja alikuja bibi mmoja kutoka mtaa wa mbali. Mjukuu wake alikuwa anataka kufunga ndoa mjini, na kasisi wa huko alihitaji cheti cha ubatizo kabla ya kuanza kutangaza ndoa. Kompyuta haikuwapo ofisini, na katibu alikuwa shambani. Bibi akarudi. Juma lililofuata akaja tena, akalipa nauli tena, na kompyuta haikuwapo tena. Tulipomweleza kwamba iko nyumbani kwa katibu, alisema kwa upole, "Basi ningeambiwa niende kwake. Mimi nilidhani ni ya kanisa."

Maneno hayo yametuuma kuliko karipio. Je, bibi huyu aliibiwa? Ukitafuta kitu kilichotoka mkononi mwake, utapata nauli ya safari moja na siku moja ya kazi. Lakini liko jambo jingine. Yeye naye alitoa mahindi siku ya mavuno. Chombo kile kilikuwa chake kama kilivyokuwa chetu, na siku mbili alizokihitaji, hakikuwa chake.

MAWAZO YANAYOPINGA

Baadhi ya ndugu katika halmashauri walileta hoja, nazo zastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza: chombo kimetengenezwa ili kibebwe, kukifungia ofisini ni kama kununua pikipiki na kuisukuma. Twajibu kwamba kila chombo kina mambo mengi kinachoweza kufanya, na si yote ndiyo tuliyokinunulia. Chombo hiki kina tabia mbili. Upana wake unawaita watu wengi wakae pamoja waone. Kubebeka kwake kunamwita mmoja aondoke nacho. Sisi tulikinunua kwa ajili ya upana. Tulipoacha kubebeka kukatawala, tulitupa lile lile tulilolilipia, maana kioo kipana katika chumba cha mtu mmoja usiku chaonwa na macho mawili tu.

Hoja ya pili: kama hatumwamini katibu, kwa nini tulimchagua? Hoja hii ina uzito, na yafaa tuijibu kwa uangalifu. Mkristo mwaminifu si mtu asiyehesabiwa. Ni mtu asiyeogopa kuhesabiwa. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari humlinda mwaminifu kuliko linavyomzuia mwizi. Kama kompyuta ingeibwa njiani usiku, katibu wetu angesemaje, na nani angemsadiki? Tulimwacha abebe hatari ambayo ilikuwa yetu sote, na tukaiita hali hiyo kumwamini.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 6, twasoma habari za mwanafunzi wa manabii aliyekuwa akikata mti karibu na Yordani, na chuma cha shoka lake kikaanguka majini. Alilia, na sababu ya kilio chake ni kwamba shoka lilikuwa la kuazima. Mtu huyu alikuwa analitumia kwa kazi njema, kazi ya kujenga nyumba ya ndugu zake. Hata hivyo, katikati ya kazi njema hakusahau kwamba chombo si chake. Sisi na katibu wetu tulisahau, kwa sababu kazi ilikuwa njema.

Jambo la tatu hakulileta mtu kama hoja, bali twaliongeza wenyewe. Ndani ya mashine ile mna majina ya watu: waliopewa msaada, wenye ndoa zenye shida, wasioweza kulipa ahadi zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yataka anayekusanya habari za watu azitunze. Lakini kabla ya sheria hiyo, Mkristo alikwisha kujua kwamba siri ya jirani si kitu cha kuacha wazi juu ya meza ya chakula watoto wakichezea.

NA HUKO NYUMBANI?

Wazazi, swali ni lile lile. Baba anunua laptopu ya kioo kikubwa na kutangaza kwamba ni ya nyumba: mama ataandikia hesabu za duka, watoto watajifunzia. Mwezi haujaisha, inalala chumbani kwa baba, na mtoto anayetaka kusoma hupiga hodi kama mgeni. Au kinyume chake, kijana huondoka nayo, na wazazi hawajui anachotazama. Kama mmesema ni ya nyumba, basi iwe na mahali pake sebuleni, kama meza ya kulia ilivyo na mahali pake. Anayeihitaji aifuate pale, na wengine waweze kupita nyuma yake.

Na kwa kuwa itakaa mezani imechomekwa siku zote, tunawashauri jambo moja la matunzo. Betri za siku hizi huzeeka upesi zikikaa zimejaa kabisa na katika joto. Mashine nyingi zina njia ya kuamuru chaji iishie asilimia 80. Ifanyeni hivyo, na msiiweke juu ya kitambaa kinachoziba matundu ya hewa.

Hili la betri latukumbusha wenye haki wengine. Katika betri nyingi za laptopu mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, hasa upande wa Kolwezi na Katanga ya zamani, ambako watu husema Kiswahili kama sisi. Wengine huichimba kwa mikono na sururu, katika mashimo yanayoweza kuwaangukia. Tena, mwaka 2022 dunia ilitoa taka za vyombo vya umeme tani milioni 62, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kushughulikiwa ipasavyo. Oktoba 2025 matengenezo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma, na watu wengi wameshawishika kutupa mashine ambazo bado nzima. Kabla ya kutupa, mwulize fundi kama yaweza kupewa programu nyingine na kuendelea kufanya kazi. Chombo kilichotolewa ardhini kwa jasho la ndugu yetu chastahili kutumika mpaka mwisho wake.

TULIVYOAMUA

Basi tumeamua hivi. Kompyuta ya parishi itakaa mezani ofisini. Ikibidi kutoka, itaandikwa katika daftari: nani ameichukua, saa ngapi, na itarudi lini. Nakala ya vitabu vya ubatizo itawekwa katika diski nyingine ndani ya kabati la kanisa, na mtu wa pili atafundishwa kuchapa vyeti. Hesabu zitafunguliwa mbele ya watu wasiopungua watatu. Bibi yule amepelekewa cheti chake nyumbani na mwinjilisti kwa pikipiki, pamoja na nauli yake na maombi yetu ya radhi.

Tungependa kuishia hapo, lakini haingekuwa kweli. Uamuzi wetu nao una gharama, na mwanzoni hatukuilipa sisi. Katibu alitii bila neno. Ila sasa, taarifa zikiwa nyingi, hubaki ofisini mpaka giza liingie, na watoto wake hulala kabla hajafika. Zamani alifanya kazi ile ile akiwa nyumbani, mkewe akiwa karibu. Tulirudisha haki ya bibi kwa kuchukua jioni za katibu. Mkewe ndiye aliyetuambia, baada ya ibada, naye hakusema kwa upole kama bibi.

Kwa hiyo kikao cha pili kilikuwa juu ya kazi yenyewe, na hapo tukagundua kwamba mtu mmoja alikuwa amebebeshwa kazi ya watatu. Ndiyo maana chombo kilimfuata nyumbani. Sasa vijana wawili wamejitolea kuandika jioni mbili kwa juma, mzee mmoja huketi nao, na halmashauri imekubali kwamba taarifa isiyohitajika kesho isiombwe kesho. Kama mpango huu utadumu, tutaona. Yeyote kati yenu anayejua kupiga chapa, na aje tumwonyeshe mahali pa kuketi. Kioo ni kipana.

Bwana atujalie kutumia vitu vyake tukikumbuka kwamba ni vya kuazima, na kutowatwika ndugu zetu mizigo tusiyoigusa sisi wenyewe. Amina.